Kiti ku Scotch ya Bleu

«—na munionyeshe ile kinga kwanza! Hata muntu mwenye aliua, banamuonyeshaka kisu yake!»

Sauti ya Papa Jeannot ilitoka mu kasho ya polisi, ikapita mu corridor yote, ikafika ku meza ya OPJ Feza Alimasi, mupelelezi, mbele hata aweke sacoche yake chini. Ilikuwa lundi, saa mbili na nusu ya asubui.

«Analala akisema vile, anaamuka akisema vile,» Donat akasema. Donat njo brigadier yake Feza, mwanaume ya kilo mia moya na kitu, na wakati ya kuikala kiti inalia mbele yake. «Tangu siku ya posho, chef. Mi nilishachoka. Midi anaenda ku parquet, na shiye tupumuzike kidogo.»

Midi. Polisi ilikuwa na saa makumi ine na munane ya kumushika muntu, na Papa Jeannot balimukamata posho, ile samedi, saa sita kamili. Kama midi, saa sita ya leo, inafika na hakuna neno ingine mu dossier, motoka inamubeba ku parquet, ku bashitaki ya serikali, na parquet inamutuma ku gereza ya Kasapa. Na kila muntu ya Lubumbashi anajua: kuingia Kasapa ni siku moya, kutoka ni hadisi ya bajukuu.

Feza akafungua dossier mara ingine. Ilikuwa na karatasi tano tu.

Précieux Mulenga, mwalimu ya gymnastique, miaka makumi mbili na tisa, iko analala ku hopitali, kichwa ilipasuka, hayafungua macho. Yeye na barafiki yake batatu, Souleymane, Yasmine na Clément, balikuwa banajitayarisha juu ya triathlon, ile ya murefu. Unaogelea kilometre ine kasoro kidogo, unatoka mu mayi, unapanda kinga, njo baisikeli, kilometre mia moya makumi munane, unashuka, unakimbia makumi ine na mbili. Yote siku moya, na hakuna muntu mwenye anakufukuza. Kila posho balikuwa banaanza ku lac, kule Karavia, mbele ya jua, kisha banapanda kinga mu njia ya Kipushi. Posho hii, barafiki balisema, roue, gurudumu ya mbele, ya kinga ya Précieux ilitoka, akaanguka na kichwa ku goudron. Na ile roue, Papa Jeannot, fundi ya kinga ku Bel-Air, njo aliitengeneza vendredi ya mangaribi.

Batatu balisema maneno moya, mustari kwa mustari, sawa chorale yenye ilifanya répétition.

«Donat,» Feza akasema, «leta Papa Jeannot. Na leta funguo ya dépôt, kule kinga iko.»

«Chef, pièce à conviction, kitu ya ushahidi, haionyeshwake ku—»

«Siku mbili tunamuuliza muzee namna gani kinga iliharibika, na hatujamuonyesha kinga. Leta.»

Papa Jeannot alikuwa na miaka makumi sita na moya, na mikono yenye mafuta ilishaingia mupaka ndani ya ngozi, sabuni haiwezi tena. Mu dépôt, alipoona kinga, akaisogelea. Hakuuliza ruhusa. Akachuchumaa, akapitisha kidole chini ya fourche, upande moya, upande ingine, pole pole, sawa daktari anatafuta fasi yenye inauma.

«Mama,» akamuambia Feza, «unaona hii miguu mbili ya fourche? Roue inaingiaka apa katikati. Roue ikitoka wakati kinga inakimbia, hii miguu njo inaanguka ku goudron. Inakwaruzika. Inapinda. Sasa angalia.»

Feza akainama. Ile miguu mbili ilikuwa safi, inangaa sawa kijiko ya bageni.

«Hii kinga haikuanguka,» Papa Jeannot akasema. «Balilalisha. Pole pole, sawa mutoto.»

Donat alikuwa anaandika, bic ikasimama.

«Roue ililegea, lakini,» akasema.

«Ililegea, ndiyo. Na funguo ya kulegeza vis. Kama muntu anataka kulegeza, analegeza.»

Feza akainama tena. Alikuwa anaangalia tuyau ya kiti, ule muchuma yenye inashikilia kiti juu. Ilikuwa na pete tatu ya scotch, ule utepe ya kubandika: rouge kule juu, blanc katikati, bleu chini kabisa.

«Na hii rangi, Papa?»

«Hiyo ni miye niliweka. Kinga ni moya, bantu ni batatu. Si balinunua na likelemba?»

Likelemba, nani haijui: kila mwezi bantu banatosha franga, mumoya anakula, mwezi ingine mwenzake, mupaka kila muntu apate tour yake, zamu yake. Précieux, Souleymane na Yasmine, juu kinga ya mashindano hakuna muntu anaiweza yeye peke, balifanya vile: balinunua moya ya muzuri sana, na kila posho mumoya «anakula» kinga. Bengine babili banapanda kinga zabo za zamani. Posho ingine, tour inahama.

«Mwenye tour anapandisha kiti ao anaishusha mupaka ku rangi yake,» Papa Jeannot akaendelea. «Rouge, ni Précieux, ule murefu. Blanc, Souleymane. Bleu, ni ule mufupi ya pharmacie, Yasmine.»

Feza akaweka kidole chini ya kiti. Kiti ilikuwa imefungwa ku scotch ya bleu.

«Pengine ilishuka, chef,» Donat akasema. «Ku choc.»

«Panda.»

«Mi?»

«Weye. Papa Jeannot atashika mbele.»

Donat akapanda, anashika ukuta na mukono moya, kilo mia moya na kitu juu ya kiti yenye unene ya mukate ya kukata. Feza akahesabu mupaka makumi tatu. Kiti haikushuka hata unene ya lukucha.

«Hii kiti,» Donat akasema wakati ya kushuka, anatembea miguu mbali mbali, «balitengeneza juu ya kutesa bantu.»

«Précieux iko na metre moya na makumi munane na tisa,» Feza akasema. «Apa, magoti ingemupiga ku kidevu. Hakupanda hii kinga posho, hata kilometre moya.» Akaangalia saa. Ilikuwa saa tatu na dakika tano. «Papa, funguo ya atelier yako iko mu enveloppe ya bintu byako. Ninapenda kuona fasi ulitengenezea ile roue. Unaniruhusu?»

«Ruhusa ya nini? Mulinifunga bila ruhusa.» Kisha, pole zaidi: «Ingia, mwana yangu. Lakini usishikeshike kitu. Iko bintu ya bantu.»

Duka ya bitenge ya Souleymane ilikuwa mu ville, na Souleymane alikuwa nyuma ya comptoir, anakunja pagne yenye ilikuwa ilishakunjwa.

«Asalam aleikum, Ya Feza,» Souleymane akasema, vile banaitaka dada mukubwa.

«Wa aleikum salam. Mama yako hajambo?»

«Hajambo. Anaulizaka, Feza siku hizi anasali wapi.»

Mama yake Souleymane njo alimufundishaka Feza kusoma Kurani, na fimbo; ku Maniema, kwabo, banasema ile fimbo njo inafungua macho. Feza akaacha ile ipite.

«Posho, ilikuwa tour ya nani ku kinga?»

Souleymane akaonyesha kalenda ku ukuta. Kila posho ilikuwa na jina na bic ya rouge. Ile ya juzi: Précieux.

«Unaona,» akasema. «Iko wazi.»

«Banasema mu mwezi uliopita muligombana. Weye na Précieux.»

Mukono ya Souleymane ikasimama juu ya pagne. «Nani anasema?»

«Mama yake Précieux, ku hopitali.»

«Ilikuwa juu ya tour. Nilikuwa na safari ya Likasi, nikamuambia tubadirishe posho, akakataa. Akasema tour ni tour, haibadirishwake.» Akainua macho. «Njo unawaza ni miye?»

«Ninawaza kila muntu mwenye alikuwa mu njia ya Kipushi. Balikuwa bangapi?»

«Batatu ku kinga. Na Clément nyuma na pick-up, anabeba mayi na bindizi. Clément haiko mu likelemba ya kinga, mugongo inamukataza. Anaogelea na shiye, anakimbia na shiye, lakini ku kinga anatusindikiza tu. Ni fiancé ya Yasmine, unajua.»

«Na Yasmine alipanda nini?»

Apa Souleymane akajibu mbio, mbio sana, sawa muntu anafunga mulango juu ya mvua. «Kinga yake. Ile ya vert.»

«Na kiti ya kinga ya muzuri, nani aliipandisha?»

«Précieux mwenyewe. Ku Karavia, kisha ya kuogelea. Nilimuona.»

Feza akamushukuru. Alipofika ku mulango, Souleymane akamuita, sauti chini.

«Ya Feza. Papa Jeannot... anakula?»

«Muke yake analeta bukari. Anarudisha sahani ikijaa.»

Souleymane akainamia pagne yake, akaanza kukunja mara ya tatu.

Inje, Donat akaingia mu motoka akisema: «Ni ye, chef. Uliona mikono? Baligombana juu ya tour, akalegeza roue.»

«Roue ya kinga yenye haikuanguka?»

Donat akawaza. «Ah, ndiyo,» akasema. «Ile.»

«Alisema uongo, lakini alisema sawa muntu mwenye balimupatia ya kusema. Enda Bel-Air.»

Atelier ya Papa Jeannot ilikuwa nyuma ya lupangu, kiwanja ya nyumba yake, nyumba ya mabati na mulango ya funguo moya. Feza akaita jirani, mama moya mwenye kuuzisha mikate, akuye awe témoin, shahidi. Donat akafungua mulango. Ndani, jua iliingia mu matundu ya mabati, ikaanguka juu ya maroue, matuyau, mifuko ya vis, na pale ku ukuta wa nyuma, juu ya musumari mukubwa, kinga ya vert. Kinga ya mufupi. Haikuwa na chaîne, ule munyororo.

Ku guidon, fasi ya kushika, balifunga karatasi na kamba. Feza akasoma, mwandiko ya bic, herufi za muntu mwenye aliacha masomo mapema lakini anaheshimu kazi yake: *Yasmine. Chaîne ilikatika. Aliacha jeudi. Chaîne mupya inafika jeudi inakuya.*

Akapitisha kidole juu ya kiti. Vumbi.

«Mama,» Feza akamuuliza ule témoin, «nani alifungua apa tangu posho?»

«Nani afungue? Funguo ni moya, na muliibeba na muzee.»

Donat akaandika yote, saa, jina, rangi. Kisha akasimama, bic mu meno.

«Chef. Kama kinga ya Yasmine iko apa tangu jeudi... posho alipanda nini?»

Feza akafungua kamba, akatosha ile karatasi ku guidon. Akamuacha afike peke yake.

«Ile ya scotch ya bleu,» Donat akasema.

«Na Précieux?»

«Kinga yake ya zamani.» Akatosha bic mu kinywa. «Sasa ile ya zamani iko wapi?»

Ilikuwa saa ine na dakika makumi mbili.

Ku pharmacie, Yasmine alikuwa anahudumia mama na mutoto ya homa. Alikuwa mufupi kweli, na mabega ya muntu mwenye anaogelea kila siku. Ku shingo, alama ya lunettes za mayi ilikuwa hayaisha bado. Feza akangoja. Mama akatoka, na Donat akageuza ile kibao ya mulango: *Fermé*.

Telephone ya Yasmine ilikuwa juu ya comptoir. Ikawaka. *Clément*. Ikazima. Ikawaka tena.

«Jibu, kama unapenda,» Feza akasema.

«Atapiga tena.»

«Banasema munaenda Afrika ya Kusini mu mwezi ya kumi. Triathlon mukubwa.»

«Tulikuwa tunaenda.»

«Ku kinga, uko na nguvu?»

«Ku mayi njo niko na nguvu. Ku kinga mi ni wa nyuma. Précieux alikuwa ananifundisha kupanda mulima.» Akakaza midomo. «Ananifundisha.»

«Posho ulipanda ile ya vert.»

«Ndiyo.»

«Iko wapi sasa?»

«Ku nyumba.»

«Tuende tuiangalie.»

Yasmine hakutoka nyuma ya comptoir. Telephone ikawaka. Feza akatosha karatasi mu sacoche, akaiweka juu ya comptoir, katikati ya masanduku ya dawa, na kamba yake yote.

«Hii mwandiko, unaijua?»

Yasmine akasoma. Alisoma mara nyingi kupita urefu ya maneno.

«Ya Feza...»

«Iko saa tano kasoro robo. Midi, motoka ya parquet inatoka na Papa Jeannot. Dossier inasema ni yeye alilegeza roue. Nani alilegeza roue?»

«Clément alisema Précieux ataamuka. Alisema tutamalizia mu familia, bazazi na bazazi, polisi haitaingia.»

«Na Papa Jeannot?»

«Alisema ni muzee, batamuachilia siku ile ile.»

«Siku ile ile ni juzi. Nani alilegeza roue, Yasmine?»

Telephone ikawaka mara ingine, na mara hii Yasmine akaigeuza, uso chini.

«Clément,» akasema.

Donat akavuta kiti, akafungua cahier.

Ikatoka yote, pole pole, sawa mayi ya robinet ya Lubumbashi: kwanza hewa, kisha matone, kisha mbio. Jeudi chaîne ilikatika. Yasmine akaandika ku groupe yabo ya WhatsApp kama posho hii hatakuya, hana kinga. Précieux akajibu: *Kamata tour yangu.* Ye Précieux, mwenye alikatalia Souleymane mbele ya bantu, mwenye anasema tour ni tour. Kila muntu alisoma. Clément naye alisoma. Posho, ku Karavia, Yasmine akashusha kiti mupaka ku bleu, Précieux akapanda kinga yake ya zamani. Mu njia, yeye na Souleymane balikuwa mbele. Précieux nyuma yabo, na pick-up nyuma yake. Kisha kishindo.

«Kinga yake ilikuwa chini ya pare-choc, mbele ya pick-up. Roue ya nyuma ilijikunja. Tulimubeba, tukamulalisha mu pick-up, juu ya bindizi. Clément akasema: mungojee. Akakamata kinga ya muzuri mu mikono yangu, akalegeza roue, akailalisha ku goudron, akapiga photo. Ile ya zamani akaitupa nyuma, akaifunika na bâche.»

«Juu ya nini hakutumia ile ya zamani?»

«Si ingeonekana ni motoka? Iligongwa nyuma.»

«Na hakupandisha kiti ku rouge.»

Yasmine akamuangalia. Ilionekana ni sasa tu anasikia. «Hajui scotch,» akasema. «Haiko mu likelemba.»

«Ile ya zamani iko wapi?»

«Ku lupangu yake, Makomeno. Mu njia ya hopitali alitufundisha ya kusema. Mara tatu. Mara ya tatu Souleymane alikuwa analia.»

«Soma, kisha signer apa,» Feza akasema. «Kila karatasi.»

Saa sita kasoro dakika ine, motoka ya parquet ilikuwa mu cour ya commissariat, moteur inazunguka, mulango ya nyuma wazi. Papa Jeannot alikuwa ameshaweka muguu moya ndani. Feza akapita mbele yake bila kumusalimia, akaingia ku biro ya commandant, na corridor yote ikasikia commandant anasoma kwa sauti, anasimama, anarudilia, anauliza: «Scotch?» Kisha cachet, muhuri ya commandant, mara moya, pah.

Balimutosha Papa Jeannot ile muguu mu motoka. Balimupatia mukaba yake, funguo zake, na mfuko ya plastique ya muke yake. Akasigner. Donat, Feza alimutuma Makomeno, ku lupangu ya Clément, na bapolisi babili; radio ikalia ku meza, na sauti yake ikatoka, inapasuka pasuka: «Chef, kinga iko. Chini ya bâche. Roue ya nyuma ni sawa chapati. Na Clément iko apa, mikono ya mayi. Tulimukuta anaosha pare-choc.»

«Mulete,» Feza akasema.

Ku corridor, juu ya banc ya mbao yenye Papa Jeannot aliikala siku mbili, Yasmine njo alikuwa anaikala sasa. Alisema uongo mu procès-verbal, karatasi ya maneno yake ku polisi, na sheria haiangaliake kama muntu alilia kisha. Papa Jeannot akasimama mbele yake. Kila muntu mu corridor akangoja. Muzee akafunga mukaba yake, tundu kwa tundu.

«Kinga yako ingali ku ukuta,» akasema. «Chaîne inafika jeudi.»

Akatoka. Yasmine akaweka uso mu mikono, mabega yake ya kuogelea inapanda inashuka.

Feza akangoja mupaka ikatulia, kisha akaikala pembeni yake.

«Iko neno moya haiko mu karatasi,» akasema. «Clément alikuwa anaangalia telephone? Alisinzia? Jua ilimupiga mu macho?»

«Jua ilikuwa nyuma yake.»

«Ulisema ulisikia kishindo, kisha ukageuka.»

Yasmine akapangusa uso na mukono ya blouse. Inje, motoka ya parquet ikatoka, nyuma yake tupu.

«Niligeuka mbele kishindo hayatoka bado, Ya Feza. Nilisikia moteur inapanda.»

Feza hakutosha cahier.

«Alikanyaga frein asimame?»

Yasmine akatikisa kichwa: hapana. Macho yake ilikuwa ku mulango, fasi yenye Papa Jeannot alipitia.

«Leo nilitosha maneno ya muzee, juu midi ilikuwa inafika,» akasema. «Ile ingine iko murefu, haikuanza na posho, na nguvu yangu iliisha. Uniache nilale apa usiku moya fasi muzee alilala. Kesho asubui ukuye na chai, na uikale vile unaikala sasa. Nitakuambia juu ya nini hakukanyaga.»